Rangi ya Mabuyu

Saa moja na nusu nimepanda ngazi,
faili kwapani, Batuli nyuma yangu
na chupa ya chai isiyo na chai.
Mlinzi akauliza, "Mama, waenda wodi gani?"
Nikamwonyesha ghorofa ya juu kwa kidole.
Jina lake sikulitaja.
Kidole chenyewe chekundu,
kama kilivyo tangu nianze kupika mabuyu
tupate karo.

Wakanipima uzito, kisha kimo.
Nikamuuliza Nesi Kadzo, kwani wanishonea buibui?
Hakucheka. Akasema dawa hii
hukatwa kwa mwili wa mwenyewe,
hapana anayevaa ya mwenziwe.

Viti ni sita.
Kimoja kimechanika, kimezibwa kwa plasta.
Ndicho nilichopewa.
Kushoto kwangu Mama Wakesho, katoka Voi usiku,
yake ya leo ni ya nne,
kilemba amekifunga kama aendaye arusini.
"Ukisikia ladha ya sarafu mdomoni
usishtuke," akaniambia. "Ndiyo hiyo, ishafika."

Mshipa ukajificha.
Kadzo akapapasa, akagonga, akakaza mpira,
akauita kama mtu aitaye paka chini ya kitanda.
Mara ya kwanza, pole mama.
Mara ya pili, pole.
Mara ya tatu nilikuwa nahesabu vibao vya dari,
nikamsikia akisema "haya", polepole,
kama aliyefungua kufuli lisilo lake.

Maji yalitangulia. Baridi yake
niliifuata chini ya ngozi hadi begani.
Kisha ya kuzuia kutapika.
Kisha Kadzo akaenda, akarudi na aproni,
na miwani, na glavu mbili mbili,
mkononi bomba nene la sindano
na ndani yake nyekundu.

Si nyekundu ya damu; damu ina uzito.
Ni ya vimto, mwezi wa Ramadhani, kabla barafu haijayeyuka.
Ni yangu. Ile niikorogayo na sukari
sufuria ikitoa povu, iliki na pilipili manga kando,
watoto wa mtaa wameshapanga foleni.

Yeye glavu mbili isimguse.
Mimi ndimi iendako.

Miaka kumi na tisa nazitia mbegu rangi.
Sijawahi kuiuliza hata moja: wasikiaje?

"Sasa nyonya barafu, mdomo usichubuke."
Batuli akaifungua chupa:
barafu za ukwaju, za kwa Mama Swabra,
za shilingi kumi kumi.
Nikatoboa kifuko kwa meno, kama mwana wa chuoni,
mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili,
nanyonya mbele za watu.
Mama Wakesho akataka. Tukampa.
Na yule mzee wa kiti cha dirishani
asiyesema na mtu tangu asubuhi
akanyosha mkono bila kugeuka.

Adhuhuri, adhana ikaingia
pamoja na harufu ya viazi vya karai.
Nilingoja kichefuchefu. Hakikuja, bado.
Kilichokuja ni njaa,
na haya ya kuona njaa mahali kama hapa.
Kadzo akaandika kwenye kadi: zimebaki tano.
Nywele, akasema, wiki mbili, pengine tatu.
Batuli akajifanya asoma ukuta.

Saa tisa nikaenda chooni na mti wa dripu,
gurudumu moja bovu, lalia njia nzima.
Nilikuwa nimeonywa, nikasahau.
Nikatazama chini. Moyo ukaruka.
Kisha nikacheka, mlango umefungwa, nikacheka
hadi Batuli akagonga:
"Mama? Una nini, mama?"
Ningemwambiaje?
Rangi imeshika.

Jioni, Kibokoni.
Mtoto wa Aweso yuko kizingitini na sarafu yake.
Leo hakuna, mwanangu.
"Kesho?"
Nikatazama vidole.
Kesho, njoo uulize.